Dada Médiatrice Anakwenda Wapi Saa Nane?

Jumanne, 23 Desemba

Nimefika Toronto. Saa sita nzima ndani ya basi kutoka Sudbury. Miguu imevimba. Mzee wa kiti cha mbele alikula mayai manne ya kuchemsha, moja kila baada ya saa moja, akitazama saa yake. Sikupata kujua sababu. Inaniuma.

Nimekuja na azimio moja. Mwaka huu habari ya familia nitaijua mimi kwanza, si wifi Iteka! Krismasi iliyopita Iteka alijua kabla yangu kwamba binamu yetu Fabrice anaoa. Alijua kabla yangu kwamba kaka Josaphat ananunua nyumba Brampton. Hiyo sawa, yeye ni mkewe. Lakini ya Fabrice? Mimi niliambiwa na mchungaji, tena akidhani najua.

Dada Médiatrice alinipokea vizuri. Fleti yake ni ileile ya Downsview, ghorofa ya tisa, dirisha linatazama mapaa ya maghala. Mwanawe Mélissa ana miaka kumi na saba sasa. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, akanikumbatia. Kukumbatia ni lugha moja.

Sasa jambo lenyewe. Saa nane kasoro robo, chai yangu bado ina moshi, dada akasimama akavaa suruali. Suruali! Médiatrice, aliyekuwa akiwakemea mabinti wa kwaya kwa sababu ya suruali! Akachukua begi jeusi nyuma ya mlango, akasema anakwenda duka la dawa. Akamwacha mgeni mezani.

Alirudi saa kumi na robo. Hana dawa. Mashavu yanang'aa. Anaimba puani.

Duka gani la dawa linamfanya mtu aimbe?

Jumatano, 24 Desemba

Uchunguzi umeanza.

Kwanza, begi. Nimelinyanyua wakati dada anaoga. Zito kama sufuria mbili. Zipu ina kikufuli. Mjane wa miaka hamsini na minane anafunga begi kwa kikufuli ndani ya nyumba yake mwenyewe!

Pili, Mélissa. Nilimwuliza kwa mzunguko, nikianzia masomo, nikapitia hali ya hewa. Akasema, kwa Kiingereza, nimwulize mama yake. Kisha akacheka akitazama simu. Anajua. Mtoto anajua na shangazi wa Krismasi hajui. Aibu. Tena mimi ni mama yake mdogo, ila yeye kwa Kiingereza chake ananiita shangazi.

Tatu, mtego. Nikayaficha mabuti ya dada. Hesabu yangu: atayatafuta, atakosa, ataniuliza, nami nitamwuliza anakwenda wapi. Niliyaweka mahali ambapo hakuna anayetafuta mabuti. Ndani ya oveni.

Dada hakuuliza kitu. Akavaa mabuti yangu, akaenda.

Saa tisa Mélissa akawasha oveni kwa ajili ya kuku.

Siwezi kueleza harufu ile. King'ora cha moshi kikalia, jirani wa kulia akagonga, jirani wa kushoto akafungua mlango kutuombea. Nilisema huenda ni nyaya za umeme. Mélissa akafungua oveni, akanitazama, akatazama mabuti, akanitazama tena. Dada aliporudi alisimama mbele ya ile nyama nyeusi ya mpira muda mrefu.

“Mdogo wangu,” akasema, “ulikuwa hivihivi hata kwetu Uvira.”

Basi. Kanisani alikwenda na mabuti yangu. Mimi nilikwenda na raba za Mélissa, zenye taa kwenye visigino. Kila nilipopiga hatua kuelekea mbele kupokea baraka, ziliwaka nyekundu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi kwa kaka Josaphat, Brampton. Nyumba nzuri, barabara imejaa nyumba zinazofanana nayo hivi kwamba Josaphat mwenyewe alitaka kuegesha gari kwa jirani. Chini ya nyumba amepangisha wanafunzi. Wanapika kitu chenye vitunguu vingi sana. Nilitaka kushuka kuuliza ni nini, nikazuiwa.

Sombe ya Iteka, yale majani ya muhogo, ilikuwa na karanga nyingi mno. Nilisema ni tamu. Nikala mara tatu, ili nihakikishe kwamba si tamu.

Kisha Iteka akatangaza, kijiko mkononi, kwamba mke wa Fabrice ana mimba ya miezi minne. Watu wakapiga vigelegele. Yeye akanigeukia kwa sauti ya asali. Je, wifi, huko Sudbury kuna habari gani?

Huko Sudbury kuna theluji. Na mimi nafua mashuka ya wazee. Hakuna habari.

Ulimi wangu ukajiendea. Nikasema habari kubwa ya mwaka huu haiko Sudbury. Iko karibu zaidi. Nikamtazama Médiatrice aliyekuwa jikoni, nikanywa Fanta polepole. Macho ya Iteka yakafunguka kama milango ya lifti.

Kosa! Sasa anajua kwamba kuna kitu. Mimi nami sijui ni kitu gani. Tuko sawasawa, isipokuwa yeye ana gari.

Halafu jambo ambalo si la kuchekesha. Nilikwenda jikoni kusaidia vyombo. Dada alikuwa amekunja mikono ya blauzi. Kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo, mkono umevilia damu, rangi ya biringanya. Na aliposogea, alisogea akishika kiuno.

Nikamwuliza. Akasema ni mlango.

Mlango gani? Akasema mlango tu, akashusha mikono ya blauzi.

Naandika hapa peke yangu: nimeogopa. Kama ni ugonjwa, mbona anaimba? Kama kuna mtu anampiga, mbona anakwenda mwenyewe, tena kwa haraka?

Ijumaa, 26 Desemba

Leo nimemfuata.

Mpango ulikuwa safi. Yeye akishuka kwa lifti, mimi nishuke kwa ngazi. Ghorofa tisa! Nilipofika chini nilikuwa napumua kama baiskeli mbovu. Nikaliona koti lake jeusi linaingia kwenye basi, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikajificha nyuma ya mtu mwenye mti wa Krismasi wa plastiki. Koti likashuka kituo cha tano. Nikashuka. Koti likaingia kwenye ghala kubwa. Nikaingia.

Mlangoni mtu akanipa kizibao cha njano kinachong'aa na kuniambia nimechelewa. Nikaona ni bora kutobishana. Koti likavuliwa. Ndani yake alikuwa mwanamke Mfilipino wa miaka thelathini.

Toronto nzima wanavaa koti moja jeusi! Nani aliamua?

Ningeondoka hapohapo. Lakini maboksi yalikuwa yanapita kwenye mkanda, na kila mtu alikuwa akiyabandika lebo, na nikataka kujua yana nini ndani. Nikabandika. Nusu saa nzima nikabandika. Hatimaye boksi moja likapasuka pembeni, nikachungulia. Viatu vya mbwa. Vinne vinne, vyekundu, vina nyayo za mpira. Mbwa wa nchi hii ana mabuti mazuri kuliko dada yangu!

Hapo msimamizi akaja na orodha yake. Kijana wa Kikenya, jina lake Mwangi, limeandikwa kifuani.

“Mama, jina lako silioni hapa.”

Nikamwambia kweli. Kwamba mimi ni mgeni, nilikuwa namfuata dada yangu, nikamfuata mtu mwingine.

Akainamia boksi moja. “Na hizi lebo umebandika wewe?”

Nikasema ndiyo.

“Zimenyooka kabisa,” akasema. “Unatafuta kazi?”

Nilirudi nyumbani saa kumi na moja kasoro kidogo, kizibao bado mwilini. Dada alikuwa ameshafika, anakunywa chai, anaimba puani. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema duka la dawa.

Jumapili, 28 Desemba

NIMEJUA!

Jana hakutoka. Leo baada ya ibada nilishona uzi mwekundu mgongoni mwa koti lake, mrefu kama kidole. Saa nane kasoro robo uzi ukatoka, nami nyuma yake. Hatukupanda hata basi. Dakika kumi na mbili kwa miguu, nyuma ya shule, kwenye bustani ya mtaa. Pana uwanja wa barafu pale, wa bure, umezungushiwa mbao.

Nikajibanza nyuma ya kibanda cha kubadilishia viatu. Dada akakaa kwenye benchi, akafungua kikufuli. Ndani ya begi: viatu vyenye visu, na kofia ngumu ya bluu. Akavaa. Akaingia kwenye barafu akitetemeka kama ndama aliyezaliwa asubuhi.

Basi hayo ndiyo maumivu ya mkono. Nilipumua. Nilikaribia kulia kwa raha.

Lakini hapo akaja mwanamume. Mzee, mrefu, rangi ya maji ya kunde, masharubu meupe yamechongwa vizuri, kofia ya sufu. Akamshika dada mikono yote miwili! Yeye akirudi kinyumenyume, dada akienda mbele, wanatazamana usoni. Dada anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mazishi ya mumewe, na hiyo ni miaka saba.

Nikaelewa yote. Mwanamke hajifunzi kuteleza akiwa na miaka hamsini na minane bila sababu. Sababu ilikuwa na masharubu.

Mchumba! Na nimejua mimi! Kwanza!

Nilimpigia Iteka nikiwa palepale nyuma ya kibanda, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, vidole vimekufa. Nikamweleza. Upande wa pili kimya. Iteka, kimya! Nilitaka kimya kile nikiweke kwenye fremu.

Jumatatu, 29 Desemba

Josaphat amepiga simu mara nne. Hana hasira, ila ana utaratibu. Anasema baba alifariki, kwa hiyo yeye ndiye baba. Kama mwanamume anamtaka dada yetu, aje nyumbani ajulikane, mchana, mbele ya mchungaji. Si kwenye barafu. Ameamuru siku ya Mwaka Mpya. Ameniagiza mimi nimlete, kwa kuwa mimi ndiye ninayemjua.

Nilimwambia simjui, nayajua masharubu tu. Akasema hayo yanatosha.

Dada asiambiwe. Iteka amesema itakuwa furaha ya ghafla. Kwa mara ya kwanza mimi na Iteka tumekubaliana. Ningepaswa kuogopa.

Jumanne, 30 Desemba

Leo dada yuko kazini, anamhudumia bibi mmoja wa Kizungu. Nikaenda bustanini peke yangu. Mzee alikuwepo, anafunga kamba za viatu. Nikamsogelea nikamsalimia kwa Kiingereza changu cha kanisani. Akanitazama, akaniuliza kama mimi ni ndugu yake Médiatrice, maana tuna pua moja. Kwa Kiswahili! Kiswahili cha Nairobi, cha zamani, kimepigwa pasi!

Anaitwa Caetano. Mgoa, amezaliwa Nairobi, alikuwa karani wa reli, kisha karani wa bima hapa, sasa amestaafu. Alimsikia dada siku moja akiiambia barafu maneno makali kwa Kiswahili, ndipo wakajuana.

Nikamwambia familia ingependa kumfahamu. Aje Brampton Mwaka Mpya, saa nane mchana, ila asimwambie dada, ni furaha ya ghafla.

Akafurahi sana, hata akanishika mkono. Akauliza, je, naweza kuja na Gail?

Nikasema aje na amtakaye. Jambo kama hili nani anakwenda bila ndugu? Gail bila shaka ni dada yake. Nilitaka kumwuliza mengi, lakini akaondoka akiteleza kinyumenyume huku ananipungia. Mzee wa miaka sabini na kitu. Anaonaje nyuma? Ana kioo?

Alhamisi, 1 Januari

Naandika chumbani kwa Mélissa, mlango umefungwa. Mchana bado. Ingekuwa heri jua lizame nilale.

Josaphat alivaa suti ya harusi yake, haifungi. Mchungaji Onesphore alikaa kwenye kiti kikubwa. Iteka alikaanga sambusa za kulisha parokia. Dada Médiatrice alikaa kwenye kochi na kitenge kizuri, akidhani ni chakula cha Mwaka Mpya tu, akiniuliza mbona najipangusa jasho.

Saa nane kamili kengele. Caetano na tai. Nyuma yake mama mmoja mfupi, nywele fupi nyeupe, keki ya tabaka tabaka mikononi. Gail.

Dada aliruka kutoka kwenye kochi. Uso wake! Furaha, kisha mshangao, kisha akanitazama mimi.

Josaphat hakungoja. Akasimama, akakohoa, akaanza ile hotuba ya kwetu. Karibu mzee wetu. Tumesikia kwamba katika kupitapita kwako umeona ua zuri kwenye bustani yetu. Umekuja kuliomba?

Caetano akatazama dirishani. Huko nje kulikuwa na theluji ya kufika magotini.

“Ua gani, bwana?” akauliza.

“Ua letu,” Josaphat akasema, akinyoosha mkono kwa dada. “Médiatrice.”

Gail hajui Kiswahili kingi, amezaliwa huku, lakini miaka arobaini na mmoja ya ndoa imemfundisha cha kutosha. Ndoa! Na Caetano! Alimgeukia mumewe, akauliza polepole iwapo anaombwa ruhusa ya kuongezewa mke mwenza. Halafu akaangua kicheko mpaka ikabidi Iteka aipokee keki. Caetano naye akacheka, akifuta machozi kwa tai. Mchungaji akafunga Biblia.

Dada hakucheka.

“Nani amesema haya?” akauliza.

Iteka akanitazama. Josaphat akanitazama. Hata mchungaji, ambaye hakuwa na haki, akanitazama.

Nikasema niliona mikono imeshikana. Nikasema niliogopa, ule mkono uliovilia damu. Hiyo ilikuwa kweli, lakini ilitoka mdomoni kama uongo.

Dada akakaa. Akaongea taratibu, na naandika alivyosema, kwa sababu sitaki nikumbuke vingine.

“Miaka kumi na tisa niko nchi hii natembea kama niliyebeba mayai. Kila Novemba naanza kuogopa mpaka Aprili. Mwaka jana nilianguka kituoni, nikabaki chini natazama mawingu. Watoto wakapita wanateleza kwa makusudi, wanacheka. Nikajiuliza, hawa wanajua nini ambacho mimi sijui? Nikataka kujua. Basi.”

Josaphat akamwuliza, kwa upole, mbona hakutuambia.

“Nilitaka kitu kimoja,” akasema dada, “ambacho ningekifanya vibaya bila ninyi kutoa maoni.”

Sambusa zinapoa. Ndipo Mélissa, ambaye tangu nifike hajatamka neno la Kiswahili, akasema kutoka mlangoni:

“Mama anajua kurudi nyuma sasa. Yeye mwenyewe. Bila kushikwa.”

Kiswahili kamili! Dada akafunika uso kwa kitenge. Sikuweza kujua kama analia au anacheka, na kwa mara ya kwanza sikuuliza.

Ijumaa, 2 Januari

Asubuhi yote dada hajasema nami. Ameniwekea chai, ameniwekea mkate, ameniwekea hata siagi. Neno hakuweka.

Saa nane kasoro robo alisimama mlangoni na begi. Nikatazama sahani yangu. Akasema, “Vaa.”

Amenikodia viatu pale kibandani. Akanishika mikono miwili kama Caetano alivyomshika. Akasema nitazame mbele, nisitazame miguu, wala nisitazame watu. Mambo matatu tu. Mawili niliyaweza. Lakini kando yetu walikuwa vijana wawili wanagombana kwa sauti ya chini, mwanamke anasema hakuwahi kuliandika jina lile, na mimi nikataka kusikia jina gani.

Nikaangukia kifundo cha mkono wa kushoto. Hakikuvunjika, kimeteguka tu. Dada amekifunga kwa skafu yake. Kisha akakaa kwenye barafu kando yangu, matako chini, kofia ya bluu kichwani, akacheka mpaka akaegemea bega langu.

Nikamwomba msamaha. Akasema tangu utoto mimi nikiona mlango uliofungwa nadhani kuna mtu amekwama ndani. Nikasema wakati mwingine huwa yupo. Akasema ndiyo, wakati mwingine.

Halafu akaniambia nikae nitazame. Akainuka. Akazunguka uwanja peke yake, polepole, kisha si polepole. Koti likapeperuka, ule uzi wangu mwekundu bado uko mgongoni.

Mara ya mwisho nilipomwona dada akienda kasi hivyo, tulikuwa Uvira, tunakimbia risasi, amenishika mkono. Leo hapakuwa na kitu nyuma yake.

Nimelia kidogo. Machozi yanaganda. Sikulijua hilo kwa undani, nimeligusa ili nihakikishe.

Jumamosi, 3 Januari

Ndani ya basi, narudi Sudbury. Naandika kwa mkono mmoja, kitabu nimekibana kwa goti.

Nimefikiri sana tangu Toronto. Nimeelewa. Mambo ya mtu ni ya mtu. Mlango uliofungwa ni mlango tu. Kuanzia leo Anastasia huyu, yaani mimi, atatazama dirisha, atatazama miti, atafika nyumbani, atafua mashuka yake. Najihisi mwepesi kabisa.

Miti ni mingi.

Kando yangu amekaa mama mmoja, hijabu ya kijani, ameniambia anaitwa Shafina, anashukia Parry Sound. Mpole. Amenipa lozi. Simu yake imelia mara tatu tangu Barrie. Mara zote tatu amegeukia dirishani, akasema kwa Kiswahili, kwa kunong'ona, akidhani mimi sikijui: “Bado hajajua.”

Nani hajajua? Nini?

Mara ya nne imelia. Safari hii amesema: “Leo. Nikifika tu.”

Natazama miti.

Parry Sound. Dereva ametangaza dakika tano. Shafina ameshuka, anavuta sanduku jekundu, anatembea haraka, anatazama nyuma. Kwa nini anatazama nyuma?

Nitanyoosha miguu tu. Ni dakika tano.

Amevuka barabara. Ameingia kwenye mgahawa wenye mapazia ya bluu. Kuna mwanamume ndani, ana kofia ya karatasi ya siku ya kuzaliwa kichwani, amekaa peke yake, meza imeandaliwa watu sita!

Basi limeondoka. Begi langu limo ndani yake.

Sita!